Kutoka Jeshini Hadi Kazi ya Hesabu

Askari akistaafu, wengi wetu tunamwona anafaa kulinda geti tu. Lakini aliyetunza stoo ya kikosi amezoea kuandika kila kitu kinachoingia na kinachotoka. Huo ndio mwanzo wa kazi ya fedha.

Afanye nini?

1. Atafute cheti. KASNEB, iliyoanzishwa 1969, hutahini wahasibu: kuna diploma ya ATD, kisha CPA. Asione haya kukaa darasani na vijana wa rika la mtoto wake.

2. Ajizoeze. Akubali kuandika vitabu vya chama cha akiba na mikopo, hata kwa malipo kidogo.

3. Alinde kiinua mgongo. Atenge karo kwanza, mambo ya matatu baadaye.

Liko jambo moja gumu. Jeshini mkubwa akiamuru, unatii. Kwa hesabu, mwenyekiti akitaka pesa bila vocha, mweka hazina anakataa. Asipokataa, inayopotea ni akiba ya wajane.

Swali la kujadiliana: Katika kikundi chenu, nani anaweza kumwambia mwenyekiti "hapana"?