Elimu kwa Umma: Mashujaa wa Dulce Pinzón ni Akina Nani?

Mwanamume yuko juu ya baiskeli mtaani Brooklyn, New York. Kavaa vazi la Superman, la buluu, lenye herufi S kifuani, na joho jekundu linapepea mgongoni. Anapeleka oda za chakula kwa wateja. Chini ya picha limeandikwa jina lake kamili, kisha kwamba anatoka jimbo la Puebla nchini Meksiko, kazi anayoifanya, na mwisho kabisa kwamba hutuma nyumbani dola 500 kila wiki.

Picha hii na nyingine za aina yake husambazwa sana mitandaoni, mara nyingi bila yale maelezo ya chini. Watu huzitazama, hucheka, hupita. Ni hasara, kwa sababu nusu ya kazi imo katika maelezo hayo. Yafuatayo ni maswali ambayo mtu anayeziona picha hizi kwa mara ya kwanza huwa nayo.

Dulce Pinzón ni nani?

Ni mpigapicha aliyezaliwa Mexico City mwaka 1974. Alisomea mawasiliano ya umma katika chuo kikuu huko Puebla, kisha akasomea upigaji picha Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1995 alihamia New York na kuendelea na masomo katika International Center of Photography.

Hiyo Puebla tuishike. Wameksiko wengi wa New York wametoka jimbo hilo, hata wenyewe wakalibandika jiji jina la utani: Puebla York. Ina maana kwamba Pinzón alipokutana na wenzake katika jiji geni, alikuwa anakutana na watu ambao alishaishi kwao, akanunua sokoni kwao, akawasikia wakizungumza kwa lafudhi yao. Kwa wateja wengi wa New York, kijana anayeleta chakula mlangoni ni mkono unaonyoosha mfuko, mlango ukafungwa. Pinzón alijua mkono ule umetoka mji gani.

Kwa nini aliwavika mavazi ya mashujaa wa katuni?

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, neno “shujaa” lilikuwa midomoni mwa kila mtu Marekani. Wazimamoto na polisi waliitwa hivyo, na walistahili. Pinzón akajiuliza kuhusu aina nyingine ya ushujaa, ule usio na moshi wala king'ora. Mtu anayefanya kazi saa nyingi kwa ujira mdogo, mbali na kwao, ili watoto, wazazi na wakati mwingine kijiji kizima wapate kuishi, huyo tumwite nani? Jibu lake ni mfululizo wa picha 20 za rangi alioupa jina la Hadithi ya Kweli ya Mashujaa.

Mashujaa ambao mavazi yao aliyatumia wanatoka pande zote mbili za mpaka, Marekani na Meksiko, na hapa ndipo maisha yake ya tamaduni mbili yanapoonekana waziwazi. Mtoto wa Meksiko hukua na mashujaa wa aina mbili. Wako wa Marekani, kina Superman na Batman. Wako pia wa kwao, kama El Santo, mpiganaji mieleka wa kinyago cha rangi ya fedha, aliyecheza filamu zaidi ya 50 na ambaye alipofariki mwaka 1984 alizikwa na kinyago chake usoni. Kwa Mmeksiko, shujaa ni mtu mwenye mwili na jasho, unayeweza kukata tiketi ukaenda kumwona ulingoni.

Na Superman mwenyewe ni nani? Alibuniwa na vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, na akatokea kwa mara ya kwanza katika jarida mwaka 1938. Katika hadithi yao, alizaliwa kwenye sayari ya Krypton, akarushwa duniani akiwa mchanga kwa sababu kwao kunaangamia, akaokotwa na kulelewa na watu wasiomjua. Mhamiaji, tena asiye na hati yoyote. Vazi lile limemkaa sawasawa yule mwana wa Puebla.

Je, waliomo pichani ni waigizaji?

Hapana. Ni wafanyakazi halisi, na wamepigwa picha katika mazingira ya kazi zao. Kilichopangwa ni mavazi na mkao.

Spider-Man ni mtu wa jimbo la Guerrero anayesafisha vioo vya maghorofa. Hutuma dola 500 kwa mwezi. Wonder Woman ni mama wa Puebla anayefanya kazi Brooklyn katika duka la kufulia nguo kwa mashine. Hutuma dola 150 kwa wiki. Catwoman, kutoka Puebla vilevile, ni yaya, na hutuma dola 400 kwa wiki. Mwingine, wa Veracruz, hubomoa majengo. Amevikwa mwili wa mawe wa lile jitu la katuni liitwalo The Thing.

Ukizitazama picha hizi kwa makini utaona kwamba mavazi na kazi havikuunganishwa kiholela. Kila vazi limefuata kazi. Katika katuni, mtu huning'inia kwenye ukuta wa ghorofa kwa utando wa buibui, na watoto hushangilia. Huyu wa Guerrero naye huning'inia, kwa kamba, na kibarua chake kikiisha kioo kinang'aa na hakuna anayejua nani kakisafisha.

Je, hii si dhihaka kwa maskini?

Swali hili ni la haki, na linaulizwa na watu wanaowajali wafanyakazi. Mtu mzima kuvaa vazi la katuni kazini huchekesha, na Pinzón anajua kwamba inachekesha. Kicheko ndicho kinachomsimamisha mtazamaji. Halafu jicho linashuka kwenye maandishi, linakuta jina, linakuta kiasi cha pesa, na kicheko kinakauka.

Kwangu mimi, hoja nzito zaidi ni hiyo ya jina. Mashujaa wa katuni huishi kwa kuficha majina yao. Hakuna anayetakiwa kujua kwamba Batman ni Bruce Wayne. Mhamiaji naye mara nyingi huishi kwa kujificha, kwa hofu ya kukamatwa na kurudishwa. Pinzón kageuza kawaida hiyo. Hata pale kinyago kilipofunika uso, jina la mtu limeandikwa kamili chini ya picha. Mwenye kudhihaki hahangaiki na jina la mtu.

Kwa nini ataje pesa?

Kwa sababu pesa hizo ndizo nguvu za shujaa huyu. Piga hesabu. Dola 500 kwa wiki, wiki 52, ni dola 26,000 kwa mwaka, zinazotoka kwenye baiskeli moja. Kwa lugha ya kwao pesa zinazotumwa nyumbani huitwa remesas, na mwaka 2023 Meksiko ilipokea kwa njia hiyo zaidi ya dola bilioni 60, nyingi zikitoka Marekani. Msomaji wa Kenya analijua jambo hili bila kufafanuliwa, maana fedha za walio ughaibuni ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha za kigeni nchini humo.

Takwimu za taifa hutaja mabilioni, ila hazionyeshi mgongo wa mtu. Pinzón anaonyesha mgongo.

Basi tumwite msanii wa Meksiko au wa Marekani?

Wa kote kuwili. Picha hizi zisingepigwa na mtu asiyewahi kuishi Meksiko, wala na mtu ambaye hajawahi kuondoka.

Nami naweza kumpiga ndugu yangu anayefanya kazi ugenini picha ya namna hii?

Unaweza, na simu inatosha. Vazi si lazima. Lililo lazima ni ridhaa. Kama ndugu yako hana vibali kamili, picha yenye jina lake na mahali anapofanyia kazi inaweza kumwingiza matatani, kwa hiyo usiitume popote kabla hajakubali. Ikibidi, ibaki katika albamu ya familia. Mpige akiwa kazini, na sare yake, na vifaa vyake. Halafu chini yake andika mambo manne: jina, kwao wapi, anafanya kazi gani, na anatuma kiasi gani. Hilo la mwisho muulize mwenyewe. Wengi wetu tunaopokea hatujawahi kukaa chini tukalijumlisha.