Kupeana siri za bei si ujirani mwema

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha Maarifa ya Uislamu katika shule moja ya binafsi jijini Dar es Salaam, nilitumwa kupeleka barua kwenye shule tatu za jirani. Ndani yake mlikuwa na ada tuliyokusudia kutoza mwaka unaofuata. Nikarudi na za kwao. Zilipotangazwa, ada zote nne zilikuwa zimepanda na kukaribiana. Mzazi mmoja akaniambia, "Ustadhi, nimezunguka kote, sina pa kukimbilia." Nilimpa pole, nikanyamaza.

Wapo watakaouliza: kuna ubaya gani? Hatukupanga bei, tumepeana habari tu!

Ndugu msomaji, hoja hiyo haisimami. Nchini Uingereza shule 50 za kulipia zilipeana ada walizokusudia kutoza kabla wazazi hawajatangaziwa, kwa miaka ya masomo ya 2001/02 hadi 2003/04. Mwaka 2006 mamlaka ya ushindani ya huko iliamua kwamba zimevunja sheria. Kila shule ilitozwa faini ya takriban pauni 10,000, na kwa pamoja zikachangia pauni milioni 3 katika mfuko wa wanafunzi waliosoma miaka ile. Kupeana siri kwa utaratibu kulitosha kuwa kosa.

Kwa nini? Muuzaji asiyejua mwenzake atatoza nini huogopa kupoteza wateja, hivyo hujizuia. Hofu hiyo ndiyo kinga ya mnunuzi. Akishaambiwa, hofu imekwisha. Bei iliyobandikwa ukutani ni jambo jingine, kwani mnunuzi naye anaiona.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei, na makubaliano si lazima yawe ya maandishi.

Wala jambo hili si geni kwa wanazuoni wetu. Ibn Taymiyya, katika kitabu chake kuhusu Hisba, ameeleza kuwa Abu Hanifa aliwazuia wagawaji wa mali wanaolipwa ujira wasiungane, kwa kuwa watu wanawahitaji na wangewapandishia ujira.

Mtume (s.a.w.) alipoombwa kupanga bei Madina alikataa, akichelea kukutana na Mola wake hali ana deni la dhulma ya mtu. Sisi tunaopanga kwa siri tutajibu nini?

Barua ile niliibeba mimi. Ikija nyingine, sitaibeba.

Wallahu a'lam.