Hema Jekundu: Mbinu Rejeshi na Mahakama ya Nafsi

Mbinu rejeshi hutajwa sana katika tahakiki zetu, lakini aghalabu huishia kutajwa tu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mbinu hiyo yaweza kubeba uzito wote wa maudhui. Mfano wetu ni Hema Jekundu, filamu ya Italia na Muungano wa Kisovieti iliyoongozwa na Mikhail Kalatozov na kutolewa mwaka 1969.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mnamo 25 Mei 1928, Italia, chombo cha angani kilichoelea kwa gesi, kilianguka barafuni kikirejea kutoka Ncha ya Kaskazini. Watu 6 walipeperushwa nacho, wasionekane tena. Manusura walijisitiri katika hema walilolitia rangi nyekundu ili lionekane kutoka angani. Roald Amundsen, mvumbuzi wa Norwe, alitoweka tarehe 18 Juni akienda kuwatafuta. Rubani Lundborg wa Uswidi alipotua, alimchukua kwanza kiongozi wao, Jenerali Umberto Nobile, aliyekuwa amevunjika mguu. Wenzake waliobaki waliokolewa mwezi Julai na Krasin, meli ya kuvunja barafu.

Kalatozov haanzi na safari. Anaanzia Roma, miaka mingi baadaye, ambapo Nobile, usingizi umempaa, anawaita wahusika wa mkasa ule, waliokufa wakiwamo, waje kumhukumu nyumbani kwake. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kila tukio la barafuni linaletwa kama ushahidi. Kwa hivyo, swali kuu si iwapo manusura wataokoka, bali iwapo kiongozi ana haki ya kuwatangulia watu wake kuondoka. Baridi inatesa mwili. Mgogoro mkuu u ndani ya dhamiri.

Tukiyapanga matukio hayo kwa mfuatano wa kalenda, tutabaki na kisa cha uokoaji, na kesi itatoweka. Huo ndio uthibitisho kwamba mbinu rejeshi hapa si pambo.

Ikumbukwe pia kuwa Nobile halisi alikuwa hai filamu ilipotolewa. Alifariki mwaka 1978. Kumbunia mtu aliye hai mahakama ndani ya nafsi yake ni jambo zito kimaadili, nalo lastahili mjadala miongoni mwetu.

Basi, tunapohakiki riwaya au tamthilia, haitoshi kuandika kwamba mwandishi ametumia mbinu rejeshi. Tuulize: ni nani anayekumbuka, anakumbuka mbele ya nani, na kwa nini hawezi kunyamaza?