Kifafa kinachokuja na siku za hedhi: Tuhesabu siku kabla ya kutafuta mchawi



Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa mke wa nyumba moja pale Katoro, mkoani Geita. Mumewe yuko machimboni Nyarugusu, anarudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Mke ana kifafa tangu utotoni. Zinapita wiki tatu salama, kisha anaanguka mara mbili au tatu ndani ya siku chache, halafu kimya. Mwezi wa pili ni hivyo hivyo, na wa tatu vile vile. Majirani wanasema jini lake linaamka kila mwezi. Wengine wanamtazama mama mkwe kwa jicho la shaka, kwa kuwa yeye ndiye mzee pekee ndani ya nyumba.

Hili la mwisho si jambo la kuchezea. Mikoa yetu ya Shinyanga na Geita, pamoja na jirani zake wa Kanda ya Ziwa, imebeba aibu ya miaka mingi ya vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Mara nyingi safari ya kwenye panga huanzia kwenye ugonjwa ambao hakuna aliyeweza kuueleza. Kwa hiyo kuueleza ugonjwa ni kinga kwa mgonjwa, na pia ni kinga kwa damu ya mtu asiye na hatia.

Je, inawezekana kifafa kikafuata mwezi? Ndiyo, inawezekana. Lakini mwezi wenyewe si ule wa angani. Ni ule ambao mwanamke huuhesabu katika mwili wake.

Homoni na ubongo

Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Chembe za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo sana. Zikilipuka nyingi kwa pamoja bila mpango, mtu hupoteza fahamu, hukakamaa na kutupa viungo, au hukodoa macho tu kwa muda mfupi bila kujibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wana ugonjwa huu, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Sasa tuangalie hedhi. Mzunguko wa mwanamke huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya kuona damu hadi siku ya mwisho kabla ya damu inayofuata. Kwa wengi ni kama siku 28, ingawa 21 hadi 35 si ajabu. Ndani ya siku hizo homoni mbili hupanda na kushuka. Ya kwanza ni estrojeni, ambayo hufika kileleni karibu na yai kutoka, yapata siku ya 14. Ya pili ni projesteroni, ambayo huongezeka baada ya yai kutoka na kuporomoka siku chache kabla ya damu.

Homoni hizi hazikai kwenye kizazi peke yake, zinafika hadi kwenye ubongo. Kwa ujumla estrojeni huuchangamsha ubongo, na projesteroni huutuliza, kwani sehemu yake hugeuzwa na mwili kuwa kemikali inayofanya kazi karibu sawa na dawa ya usingizi. Projesteroni inapoporomoka, ubongo hupoteza kitulizo chake kwa ghafla. Mwenye kifafa huanguka kwa urahisi zaidi wakati huo. Hedhi si chanzo cha kifafa. Ni kama upepo juu ya kaa ambalo tayari lilikuwa na moto.

Madaktari wanazitaja nyakati tatu za hatari. Wa kwanza, ambao ndio maarufu zaidi, ni siku tatu kabla ya damu na siku tatu za mwanzo za damu. Wa pili ni zile siku yai linapotoka, katikati ya mzunguko. Wa tatu ni kwa wale ambao projesteroni yao haipandi vya kutosha. Hao huweza kuanguka katika nusu yote ya pili ya mzunguko. Takriban mwanamke mmoja kati ya watatu wenye kifafa ana mpangilio wa namna hii.

Jambo hili si geni. Mwaka 1857 huko London, daktari Charles Locock, aliyemzalisha Malkia Victoria, alieleza wenzake kuhusu wanawake walioanguka kifafa wakati wa hedhi na jinsi chumvi ya bromaidi ilivyowasaidia. Bromaidi ikawa dawa ya kwanza ya kifafa iliyofanya kazi kweli. Kwa maneno mengine, tiba ya kisasa ya kifafa ilianzia kwa wagonjwa wa aina hii hii.

Si kifafa peke yake

Maradhi mengine ya mishipa ya fahamu nayo husikia homoni. Wanawake wengi hupata kipandauso siku estrojeni inaposhuka kabla ya hedhi. Upo pia ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia ala inayofunika mishipa ya fahamu, na mtu akapata ganzi, udhaifu wa miguu au kuona ukungu. Kwetu karibu na ikweta si mwingi kama Ulaya na Marekani ya Kaskazini, lakini huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Wengi wao husema dalili huzidi siku chache kabla ya hedhi. Sababu moja ni kwamba baada ya yai kutoka joto la mwili hupanda kidogo, chini ya nyuzi moja, na mishipa iliyovuliwa ala yake haivumilii joto. Utafiti uliotolewa mwaka 1998, uliowafuatilia wanawake 254 katika nchi 12 za Ulaya, ulionesha kuwa ugonjwa hutulia katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba na kurudi kwa nguvu katika miezi mitatu baada ya kujifungua.

Hapa pia tuwatahadharishe ndugu zetu wa machimboni. Mtetemeko wa mikono, ganzi na kuyumba kwa anayechoma dhahabu kwa zebaki, au anayeishi jirani na inapochomwa, vinaweza kuwa sumu ya zebaki. Hiyo haifuati hedhi. Amweleze daktari kazi anayoifanya.

Hesabu ambayo Mwislamu tayari anaijua

Mwanamke wa Kiislamu anazo tayari nyenzo za kuugundua ugonjwa huu. Tangu kubaleghe anafundishwa kuijua ada yake: damu inaanza lini, inakaa siku ngapi, lini anajitwaharisha na kurudi katika sala, na ipi ni istihadha. Basi hesabu ile ile ya sala iwe pia hesabu ya afya.

Chukua daftari la shule. Kila siku andika tarehe. Siku ya damu weka alama ya H. Siku ya kuanguka weka K, na kama ni mara mbili weka K mbili. Siku uliyokosa dawa weka D. Siku uliyokesha au kuwa na homa, andika. Fanya hivyo kwa miezi mitatu. Kama hujui kuandika, mtoto wa shule au mama mkwe mwenyewe akusaidie kwa kupiga mistari.

Baada ya hapo hesabu. Tuseme umeanguka mara 12 katika mizunguko mitatu ya siku 28, na mara 8 kati ya hizo zimeangukia katika zile siku sita za kuzunguka mwanzo wa damu. Kama kifafa kingekuja ovyo, siku hizo zingepata mara 2 au 3 tu. Hapo kuna mpangilio. Lakini tazama na alama za D: kama dawa ilikosekana siku hizo hizo, huenda tatizo ni dawa wala si homoni.

Daftari hilo lipeleke hospitali. Katika hospitali zetu nyingi kifafa hutibiwa kwenye kliniki ya afya ya akili, na wengine huona haya kuonekana pale. Kifafa si wendawazimu, na kukaa kwenye benchi hilo si aibu. Yakishindikana wilayani au mkoani, rufaa ni Bugando, Mwanza. Daktari akiona mpangilio anaweza kurekebisha dozi, au kuongeza dawa kwa siku chache za hatari. Usijiongezee mwenyewe.

Dawa haina likizo

Mwanamke mwenye hedhi husamehewa sala na huacha funga akailipa baadaye. Dawa ya kifafa haiachwi. Kuikata ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokoma, ambacho huua. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Fenobabitoni, iliyoanza kutumika mwaka 1912, bado ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa.

Yapo mambo matatu ambayo mke na mume wayajue pamoja. Kwanza, fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya kupanga nafasi kati ya watoto. Mke akishika mimba huku ana kipandikizi, mume asikimbilie kumtuhumu. Pili, dawa iitwayo sodiamu valproeti ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni: takriban mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro za mwili, na watatu au wanne kati ya kumi huchelewa kukua kiakili. Anayeitumia amwone daktari kabla ya kushika mimba, na asiiache mwenyewe. Tatu, wanawake wengi wenye kifafa huzaa watoto wazima na kuwanyonyesha. Vidonge vya foliki vianze kabla ya mimba.

Na mjamzito aliyepita miezi mitano akianguka, hata kama ana kifafa cha zamani, akimbizwe hospitali mara moja. Huenda ni kifafa cha mimba, kinachotokana na shinikizo la damu, na hicho hakisubiri.

Kuhusu Ramadhani, kukesha na kuchelewesha dawa huchochea kifafa. Dawa za mara moja au mbili kwa siku huweza kupangwa futari na daku, kwa ushauri wa daktari. Akikataza funga, mgonjwa ana ruhusa iliyo wazi katika Qur'an.

Akianguka

Mlaze ubavu. Ondoa jiko, mafiga na vyombo vikali. Legeza ushungi shingoni na utoe pini. Mfunike kwa kanga. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize, usimnyweshe kitu. Tazama saa: zikipita dakika tano, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, mpeleke hospitali. Povu lake haliambukizi. Wapo walioungua vibaya jikoni kwa sababu tu waliokuwepo waliogopa kuwagusa.

Zile siku sita asiteke maji kisimani peke yake, asipike kwenye mafiga bila mtu karibu, wala asipite kando ya maduara ya wachimbaji.

Tusisahau kinga. Kifafa kingi cha kwetu hutokana na mtoto kuumia wakati wa kuzaliwa, malaria ya kichwani, uti wa mgongo na majeraha ya kichwa, yakiwemo ya pikipiki na ya mashimoni. Kipo pia kinacholetwa na mayai ya tegu wa nguruwe yakiingia ubongoni. Usiseme, mimi sili kitimoto. Mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha mtu aliyekwisha kuambukizwa, na huingia kwa mikono, maji na mboga. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walieleza kuhusu Mayahudi wa New York wasiogusa nguruwe kabisa ambao waliugua hivyo, na wafanyakazi wa majumbani ndio walioonekana kuwa njia ya maambukizi. Choo safi, istinja na kunawa kwa sabuni kabla ya kula ni kinga ya ubongo.

Kwa kumalizia, tukumbuke mapokezi ya Ibn Abbas (r.a.), yaliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akilalamika kuwa huanguka na sitara yake kufunuka. Mtume hakumfukuza wala hakumtafutia wa kumlaumu. Alimsikiliza na kumpa hiari, asubiri apate Pepo au aombewe apone. Mama yule akachagua subira, akaomba tu asifunuke, naye akamwombea. Na Mtume huyo huyo ndiye aliyetuamrisha kutafuta dawa.

Basi yule mke wa Katoro hana haja ya kumwogopa mkwewe. Anahitaji daftari, dawa, na mtu wa kumfunika kanga. Mama mkwe ndiye anayefaa zaidi kwa kazi hiyo.

Wabillahi tawfiq.