Kitambulisho au Kadi ya Anayeuguza: Kipi Kitangulie?

Swali la somo hili lilizuka katika kikao cha jumuiya ndogo ndogo hapa Tabora. Fedha za matendo ya huruma zilikuwa chache. Wengine walitaka ziwasafirishe wazee na wenye ulemavu wakaandikishwe NIDA. Wengine walitaka parokia itoe kadi za kuwatambua wanaouguza nyumbani: binti anayemgeuza bibi yake kitandani, mama anayembeba mgongoni mtoto wa miaka 10 asiyetembea.

Hoja ya kwanza ni nzito. Tangu Januari 2020, laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa, asiye na namba ya NIDA hawezi kuwa na laini kwa jina lake. Bibi wa namna hiyo akitumiwa shilingi 5,000 na mwanawe aliyeko Dar es Salaam, zinapitia simu ya jirani.

Sisi tunaosoma falsafa tumezoeshwa kuanza na maana. Kitambulisho kinajibu swali: huyu ni nani? Kinakwenda vizuri na Boethius, aliyemfafanua mtu kuwa mmoja, asiyechanganyika na mwingine, mwenye asili ya akili. Kadi ya anayeuguza inauliza jingine: nani anamtegemea huyu? Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba katika Utatu, Nafsi hutofautishwa kwa uhusiano wao. Baba ni Baba kwa kuwa ana Mwana. Fundisho hilo halihamishiki kwa binadamu hivi hivi (mwalimu wetu angetukata alama), lakini linatuonya tusiuone uhusiano kama pambo tu juu ya mtu aliyekwisha kamilika.

Njia yetu ya misafara ina mfano. Livingstone alipofariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873, watu wa msafara wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake, wakaufunga kama mzigo na kuubeba kuelekea pwani. Oktoba walifika Unyanyembe, hapa hapa kwetu. Mwingereza Cameron, waliyemkuta, aliwashauri wamzike hapa. Walikataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo, kwenye misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Huko London daktari aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa zamani na simba. Aprili 18 ukazikwa Westminster Abbey. Kati ya wabebaji, aliyekuwapo ni Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yamekwisha. Nishani zilitengenezwa baadaye, wengi wakiwa wametawanyika.

Tazama mpangilio wake. Utambulisho wa maiti ulithibitishwa mezani kwa daktari, lakini mfupa ule ulifika mezani kwa mabega ya watu. Ndivyo ilivyo kwa mzee aliyepooza. Anayemwinua, anayetafuta bajaji, anayemjibia afisa jina la baba na kijiji alikozaliwa, ni yule anayemuuguza. Kwa hiyo, tukilazimika kuchagua, tungeanza na kadi ya anayeuguza, maana ndiye njia ya kukifikia kitambulisho.

Mzee mmoja alipinga kwa Mathayo 6: sadaka ifanyike kwa siri. Tunaheshimu hoja yake, na kadi inayovaliwa shingoni Jumapili ili watu waone ingestahili lawama hiyo. Lakini Msamaria wa Luka 10 hakuficha kila kitu. Alimwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba gharama itakayozidi atailipa yeye. (Mwenye nyumba huyo naye aliuguza, na mahubiri humruka.) Alijitambulisha ili majeruhi aendelee kuhudumiwa.

Kuna jambo lililotugusa zaidi. Kitambulisho cha taifa hutolewa kwa mwenye miaka 18 na kuendelea, na baadhi ya wanaouguza ni mabinti wa miaka 14 au 15. Akichelewa shuleni hana karatasi ya kumtetea. Kadi ya parokia haitampa haki za kiserikali, na asidanganywe hivyo. Itasema tu kwamba anamuuguza bibi yake, na jumuiya inajua. Tungependa isainiwe na mwenyekiti wa jumuiya, anayeifahamu nyumba ile, na iwe na jina la mtu wa pili: atakayekaa na bibi siku ambazo binti anakwenda kufanya mtihani.