Perege wa Ifakara na baba mwenye mimba

Mara ya kwanza nilipofika soko la samaki Ifakara nilidhani perege niliyeuziwa ameharibika. Nilipombinya mdomo zilidondoka punje za manjano, nikataka nirudishiwe pesa yangu. Mama muuzaji akacheka. "Mzee, hayo ni mayai yake. Huyu analea mdomoni."

Nikamwambia sisi wa pwani tunaye wa ajabu zaidi: farasi bahari, yule mdogo anayeogelea wima na kujishikiza kwa mkia kwenye majani ya baharini. Kwake mimba ni kazi ya dume. Jike huyaingiza mayai katika mfuko ulio tumboni mwa dume, naye huyarutubisha humo humo na kuyapatia hewa, kwa wiki mbili hadi nne hivi. Kisha hushikwa na uchungu, akawasukuma nje watoto, pengine mamia kwa mara moja. Mama yule akawaita wenzake waje wamsikilize mgeni muongo.

Hata hivyo baba huyo akishajifungua kazi yake imekwisha. Watoto wanajitegemea siku hiyo hiyo na wengi huliwa. Perege wa Kilombero hana haraka hiyo. Dume huchimba shimo penye maji ya kina kifupi, jike hutaga humo, huyachota mayai kwa kinywa, na kwa siku kumi hivi au zaidi karibu hali kitu. Vifaranga vikianza kuogelea huvitoa nje, na ikija hatari hukimbilia tena mdomoni mwake.

Sasa fikiria wavu wa chandarua ukiburutwa wakati wa mafuriko, ambapo samaki wengi huingia mbugani kuzaliana. Perege aliyenaswa hutema mayai. Mvuvi anahesabu samaki mmoja kwenye ndoo, kumbe ameondoa na mamia ambao hatawaona. Farasi bahari, ambao hukaushwa na kuuzwa Asia kama dawa, biashara yao ya kimataifa iliwekewa masharti na mkataba wa CITES kuanzia 2004. Bonde la Kilombero nalo liliingia katika orodha ya Ramsar mwaka 2002, lakini orodha haisimami mtoni kukagua matundu ya nyavu.

Nilimuuliza yule mama kama perege mwenye mayai ana bei tofauti.

"Bei ile ile," akasema, akinifungia wa pili.