Baba ameahidi mitumbwi ya taa ziwani, mimi nahofia viboko

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Bagara hapa Babati mjini. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, yuko Florida, Marekani. Krismasi iliyopita alitupigia simu ya video akiwa ukingoni mwa maji na familia yake, wanatazama boti zilizopambwa taa zikipita moja baada ya nyingine, muziki unapigwa, watu wanashangilia. Wanangu waliikodolea macho ile simu, na tangu siku hiyo hawana habari nyingine.

Sasa mume wangu amewaahidi, mbele ya mama yake na watoto wa dada yake, kwamba mkesha wa Krismasi mwaka huu atakodi mitumbwi miwili ya wavuvi wa Ziwa Babati, aifunge taa za sola, tuingie majini wote giza likishaingia. Nilipotaja viboko akasema usiku wanatoka kwenda malishoni, ziwa linabaki tupu, na isitoshe tutakaa karibu na ukingo. Mama mkwe ananiambia nisimvunjie mwanawe heshima. Nikikataa naonekana mkorofi, nikinyamaza usingizi hauji. Nifanyeje?

Mama Watatu, Bagara

Mwanangu,

Watoto wasiingie ziwani usiku. Hilo halina mjadala, na usilionee haya. Ila usiishie kwenye kukataa tu, kwa sababu utagombana na mume, mkwe na watoto kwa siku moja, na sikukuu itawaharibikia wote. Mumeo ni baba anayetaka kuwafurahisha wanawe kwa kile alichonacho mkononi. Moyo huo ni wa kulindwa. Ahadi yake ibaki, mtumbwi wa usiku uondoke.

Kuhusu viboko amesema nusu ya ukweli. Ni kweli jua likizama hutoka majini kwenda kula nyasi, wakarudi kabla hakujapambazuka. Lakini hawatoki wote kwa pamoja kama wanafunzi waliosikia kengele. Na hao wanaotoka wanapita wapi? Wanapita ukingoni, kwenye njia zao zilezile za kila usiku, na ukingoni ndipo mtumbwi unaposukumwa na watoto wanapopandishwa mmojammoja. Kiboko akishtuka nchi kavu hukimbilia majini, na ole wake aliyesimama kati yake na maji. Huyo ni mnyama wa zaidi ya tani moja, na kwa masafa mafupi binadamu hamwezi kwa mbio. Aliyebaki majini naye hukaa chini dakika kadhaa kabla ya kuibuka kuvuta pumzi. Akiibukia chini ya mtumbwi wenu, hakuna kasia litakalosaidia.

Kuna jambo jingine ambalo huenda mumeo hajalifikiria. Mpiga kasia mzoefu mchana hulisoma ziwa: huona masikio mawili yamejitokeza pale, huona maji yanavyosukwa kule, akapitia mbali. Usiku hayo yote yamefichika, na ukimning'inizia taa mbele ya uso unamzidishia upofu. Taa zinazowapendezea watoto ndizo zitakazomzuia kuona giza lililo hatua kumi mbele yake.

Na hilo la "karibu na ukingo" linaniumiza zaidi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria mita chache tu kabla ya kufika gati la Ukara, mchana kweupe. Zaidi ya watu 220 walifariki. Kilikuwa kimebeba kupita uwezo wake. Mtumbwi wa mvuvi ni kitu kidogo kuliko kivuko, umetengenezwa kwa ajili ya mtu na nyavu zake. Watoto watano wakihamia upande mmoja kwa pamoja ili waone taa za mtumbwi wa pili, umekwisha. Asiyejua kuogelea, mwenye nguo za sikukuu mwilini, gizani, mita ishirini kwake ni mbali sana.

Sasa mrudishe mumeo kwa mdogo wake. Fort Lauderdale, huko huko Florida, wana gwaride la boti za taa kila Desemba, na Marekani miji mingi ya pwani inayo. Boti zenyewe ni kubwa, zina injini na manahodha, zinafuata njia moja huku askari wa majini wakilinda. Familia nyingi zinakaa wapi? Zinakaa nchi kavu, kwenye viti walivyobeba kutoka nyumbani, na watoto mapajani. Shemeji yako mwenyewe alikuwa ukingoni alipowapigia. Mwombe mumeo ampigie tena amuulize ile shughuli inaendeshwaje. Neno hilo likitoka kwa ndugu yake litamwingia kuliko likitoka kwako, na si kwa kuwa wewe hujui, ni kwa kuwa ahadi ilitolewa hadharani na sasa anatafuta mlango wa kutokea bila kuaibika. Mfungulie.

Zungumza naye watoto wakiwa wamelala. Usianze na viboko, anza na shukrani: "Baba Fulani, nimefurahi unavyowawazia watoto. Nisaidie tufanye hivi." Kisha mwache yeye ndiye atangaze mabadiliko. Mama mkwe mfuate peke yake, mchana, mkiwa mnachambua mboga. Mwulize viboko walivyokuwa wakiingia mashambani zamani. Wazee wa Babati wameishi na wanyama hao miaka yote, na bibi akianza kusimulia mwenyewe atasikia anachokisema. Sidhani atataka wajukuu zake wawe majini saa hizo.

Taa nazo zije nyumbani. Kusanyeni ndala zilizochakaa, zile za mpira mwepesi zinazoelea. Kila mtoto achonge boti yake, asimike mlingoti wa kijiti, afunge taa ndogo ya betri. Mshumaa hapana, na hasa kwa nguo za sikukuu. Baba ajaze maji karai kubwa uani, jioni mzime taa za nje, boti ziingie moja baada ya nyingine, na kila nahodha atangaze jina la chombo chake. Watoto wa wifi yako waje, majirani waje. Shemeji apigiwe simu ya video, safari hii atazame yeye.

Ziwani mwende siku nyingine, asubuhi, na mpiga kasia aliyezoea kupeleka wageni. Kila mmoja avae jaketi okozi linalomkaa. Kama ya watoto hayapo, mtatazama viboko mkiwa nchi kavu, mbali na maji, na siku itakuwa nzuri vilevile. Mumeo akishikilia msimamo wake baada ya yote haya, usibishane naye mlangoni. Baki nyumbani na watoto, na mapema kabla ya siku hiyo uwaombe shemeji, kwa simu, na mzee mmoja anayemheshimu waseme naye.

Mwisho, kama mnaweza kuweka akiba kidogokidogo, yapo maji hapa nchini yanayowaka taa za kweli. Nendeni Kigoma. Usiku wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huingia kazini na taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za betri na sola. Mwanga huwavuta dagaa wapande juu karibu na nyavu, na ukisimama nchi kavu unaona mstari wa taa umetanda ziwani kama mji. Hakuna aliyezipamba kwa ajili ya wageni, ni watu wako kazini, na mimi kwangu hilo linazidi uzuri. Mwanza pia wapo, upande wa Ziwa Victoria. Ila angalieni mwezi kabla ya kukata tiketi: mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazina nguvu, na wengi wao hupumzika. Chagueni siku za giza, na mkate tiketi za basi mapema kwa sababu Desemba nafasi zinagombaniwa. Kazi ya kupiga hesabu za nauli mpe baba watoto, na hiyo ndiyo iwe ahadi yake ya mwakani.